Lambo la Shambani: Usalama wa Tuta na Usalama wa Wanaopumzika Kando Yake

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo huja miezi ya baridi na upepo, kisha jua kali la Septemba na Oktoba, na vijito vingi vya uwanda wa juu hubaki mchanga na matope. Ndiyo maana mkulima au mfugaji mwenye uwezo huona busara kuziba bonde dogo ndani ya shamba lake kwa tuta la udongo, ili maji ya masika yamfae wakati wa kiangazi. Lambo hilo hunywesha ng'ombe, humwagilia bustani ya vitunguu na kabichi, hufugiwa perege, na bila mtu yeyote kupanga, hugeuka pia mahali pa kupumzikia. Watoto wanaochunga mifugo huoga humo adhuhuri. Vijana hutoka mjini siku za sikukuu wakiwa na muziki na vyakula. Wenye ndoana hukaa juu ya tuta tangu alfajiri.

Somo hili linahusu mambo mawili yanayokutana hapo: uimara wa tuta, na usalama wa watu wanaolifurahia. Kwa kawaida mambo hayo hufundishwa mbalimbali, la kwanza na wahandisi, la pili na walimu na wauguzi. Katika lambo dogo hayatengani. Yale yanayofanywa na watu waliokuja kustarehe mara nyingi ndiyo yanayolichosha tuta, na tuta likishindwa, wanaofikwa na msiba kwa kawaida ni watu wengine kabisa, wale waliojenga chini yake.

Neno "dogo" lisimdanganye mtu. Lambo lenye urefu wa mita 80, upana wa mita 50 na kina cha wastani cha mita 2 huonekana kama uwanja wa mpira uliojaa maji, na wala haufiki. Hata hivyo limebeba mita za ujazo 8,000, na kila mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Huo ni mzigo wa malori 800 ya tani 10. Penye kina cha mita 4, maji hayo husukuma tuta kwa nguvu ya tani 4 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, bila kupumzika. Tena nchi yetu ni ya miteremko. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Maji yanayotoka upande wa milima ya Mbizi na kuangukia bondeni, kuelekea Muze na Mtowisa, hayahitaji kusukumwa na mtu.

Yaliyotokea Solai na Johnstown

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ukingo wa bwawa la udongo lililojulikana kama Bwawa la Patel ulipasuka. Bwawa hilo lilikuwa mali ya shamba binafsi, limejengwa kwenye mteremko kwa ajili ya umwagiliaji. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa kupita kiasi, nazo zilikuja baada ya kipindi cha ukame. Familia zilikuwa majumbani, nyingine zikila chakula cha jioni. Maji na matope yakashuka kwa pamoja, yakazoa nyumba, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wakiwamo watoto. Baadaye mamlaka inayosimamia rasilimali za maji nchini humo ilieleza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Mwenye shamba, meneja wake na baadhi ya maafisa wa umma walifikishwa mahakamani, na shauri likachukua miaka.

Jambo la kuzingatia katika habari hiyo ni nani aliyekufa. Waliokufa hawakuwa wamiliki wa bwawa, hawakulichimba, na maji yake hayakuwa yao. Walikuwa majirani wa upande wa chini. Hati ya shamba huonyesha mipaka ya ardhi. Maji yaliyovunja tuta hayaisomi hati hiyo.

Habari ya pili ni ya zamani na ya mbali, lakini inalihusu somo hili kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa bwawa lake lilikuwa la starehe. Bwawa la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilijengwa kwanza na serikali ya jimbo ili kulisha mfereji wa usafirishaji. Mfereji ulipopitwa na wakati, bwawa likauzwa, na mwishowe likawa mali ya klabu ya watu wenye fedha waliolitumia kwa uvuvi na mashua. Mmiliki aliyewatangulia alikuwa ameng'oa mabomba ya kutolea maji chini ya tuta na kuyauza kama chuma chakavu, klabu haikuyarudisha. Mgongo wa tuta ulipunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite vizuri. Njia ya maji ya ziada iliwekewa wavu wa chuma ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, matawi na takataka viliziba wavu ule, maji yakapanda juu ya tuta, na tuta likakatika. Zaidi ya watu 2,200 walikufa katika mji wa Johnstown na vitongoji vilivyokuwa njiani.

Anayezijua vizuri njia za mashambani za Ufipa ataona kwamba makosa hayo matatu si mageni kwetu. Lango la bomba limeota kutu tangu fundi aondoke, na mpini wake haujulikani uliko. Mgongo wa tuta umekuwa njia ya mkato ya bodaboda na mikokoteni, ukabonyea katikati kama tandiko la punda. Na mdomoni mwa njia ya maji ya ziada pamefungwa fito na vyandarua vikuukuu, kwa sababu ni uchungu kumwona perege wa nusu kilo akienda zake bondeni. Hayo hayafanywi na watu wabaya. Hufanywa na watu ambao hawajaelezwa kazi ya kila kiungo cha lambo, na kueleza huko ndiko kazi ya somo hili.

Kulisoma tuta

Tuta la udongo lililojengwa kwa ustadi huanzia chini ya ardhi. Fundi huchimba handaki hadi kwenye udongo mgumu, hulijaza udongo wa mfinyanzi uliolowa kiasi na kushindiliwa kwa tabaka nyembamba, kisha hupandisha tuta lenye miteremko ya taratibu pande zote mbili, ulio laini zaidi ukiwa wa upande wa maji. Pembeni, kwenye ardhi asilia, huchimbwa utoro wa maji, yaani njia pana ambayo maji ya ziada hupitia bila kuligusa tuta. Kati ya kina cha juu cha maji na mgongo wa tuta huachwa kimo cha akiba. Tuta la udongo linaweza kustahimili mambo mengi, lakini halistahimili maji kupita juu yake. Yakianza kumwagika mgongoni hula udongo wa upande wa nyuma, mfereji mdogo huwa mkubwa, na baada ya muda mfupi hakuna jembe wala kiroba cha mchanga kitakachofaa. Kwa hiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika lambo ni ule utoro ambao kwa miezi mingi ya mwaka hauna hata tone. Haufai kulimwa, haufai kujengwa, na haufai kuwekewa wavu.

Adui wa pili hufanya kazi kwa siri. Kila tuta la udongo hunyonya maji kidogo, na unyevunyevu kwenye kitako chake, hata chirizi nyembamba ya maji maangavu, si lazima uwe balaa. Kinachotakiwa kutazamwa ni rangi. Maji yanayovuja yakiwa meupe kama ya kisimani, tuta linachujua tu. Yakianza kutoka na rangi ya udongo, maana yake yanabeba chembe za tuta lenyewe kutoka ndani, na mahali zilipotoka panabaki tundu linalorefuka kuelekea kwenye maji. Mtu anaweza kuchota maji hayo kwenye chupa ya kioo au ya plastiki, akayaacha yatulie, kisha akatazama kama kuna tope lililotua chini. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya kipimo hicho, na ingekuwa vyema watoto wa shule zilizo jirani na malambo wakifundishwa.

Tundu kama hilo hupata mwanzo kwa njia nyingi. Mchwa, fuko, panya na nungunungu huchimba. Vijana wanaowinda fuko kwa majembe juu ya tuta huchimba zaidi ya fuko wenyewe. Mikaratusi na misindano iliyopandwa mgongoni ili kupata kivuli hupenyeza mizizi ndani, na mti ukikatwa au kufa, mzizi huoza na kuacha bomba tupu. Nyasi fupi kama ukoka ndizo zinazofaa. Kivuli cha kupumzikia kipandwe kando, mbali na tuta. Mioto ya kiangazi ikichoma nyasi hizo, udongo hubaki uchi na kukauka. Ndipo nyufa hutokea, na lambo linalojaa ghafla kwa mvua za kwanza hujaza maji ndani ya nyufa hizo kabla udongo haujalowa na kujifunga. Wakati wa kulikagua tuta, basi, ni Oktoba, kabla ya mvua, na tena baada ya kila mvua kubwa. Lambo jipya linahitaji kuangaliwa kila siku linapojaa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wakati huo ndipo kasoro za ujenzi hujidhihirisha.

Si malambo peke yake yanayostahili jicho hilo. Maafa ya Mai Mahiu, katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru, mwezi Aprili 2024, yalidhaniwa mwanzoni kuwa ni ya bwawa. Maafisa wakaeleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji chini yake kuziba kwa takataka. Karavati iliyoziba chini ya barabara ya kijiji hufanya lambo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatamka kuwa maji ni mali ya umma, yakiwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kumiliki shamba hakumpi mtu haki ya kuuziba mto unaolipitia. Anayetaka kuzuia na kuhifadhi maji ya kijito anahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya bonde husika, na ujenzi wa bwawa unahitaji mtaalamu aliyeidhinishwa. Kanuni za Usalama wa Mabwawa za mwaka 2013 zinamweka mmiliki kuwa mtu wa kwanza mwenye wajibu wa kulitunza bwawa lake. Hapa Ufipa kuna jambo la pekee: uwanda wetu umegawanya maji. Vijito vya upande wa mashariki huenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Vya upande wa magharibi, kama vile vinavyolisha Mto Kalambo, huenda Ziwa Tanganyika. Mabonde hayo mawili yana bodi mbili tofauti. Mtu asiyejua maji ya kijito chake yanaelekea wapi atapeleka maombi yake mahali pasipohusika, kwa hiyo ni vyema kuanzia kwa mtendaji wa kata.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa. Wengi wanazijua mita 60 kwa sababu ya mabishano ya mashamba ya vinyungu. Wachache wanakumbuka kwamba zinahusu pia banda la kuuzia vinywaji lililojengwa ukingoni mwa lambo.

Mmiliki anaweza kuona kwamba njia rahisi ni kuzungushia waya na kubandika bango la "Usioge Hapa". Bango ni la lazima, lakini halitoshi, na uzio uliofungwa kabisa huweza kuongeza hatari: mtoto mwenye joto ataingia palipotoboka, upande ambao hakuna anayemwona. Lambo lisiloweza kufichwa machoni pa watoto ni afadhali lipangiwe matumizi. Makubaliano ya maandishi kati ya mmiliki na serikali ya kijiji, yanayosema ni wapi watu wanaruhusiwa kukaa, saa ngapi, nani anasimamia siku za sikukuu na nani anakagua tuta, yana manufaa kwa pande zote mbili.

Kuogelea, kuvua na kupumzika

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, penye maji yaliyo wazi karibu na nyumba. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kinapanda na kushuka usawani mwa maji, mikono inabonyeza maji badala ya kupunga, na ndani ya dakika chache ametulia. Watoto wenzake waliopo mita kumi tu wanaweza wasitambue kitu.

Lambo lina mitego ambayo ziwa halina. Udongo wa kujengea tuta mara nyingi huchimbwa ndani ya eneo litakalofunikwa na maji, na mashimo hayo hubaki chini, hayaonekani. Mtoto anatembea maji yakimfika magotini, hatua inayofuata ni kina cha mita tatu. Upande wa tuta ndiko kwenye kina kikubwa kuliko kote, na mteremko wake wa mfinyanzi uliolowa hautoi pa kushika. Matope yaliyotuama chini hunasa miguu. Karibu na mdomo wa bomba lililofunguliwa, na kwenye utoro unaotiririka, maji huvuta. Na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya uwanda wa juu huingia majini pia: anayejitosa ghafla hukatika pumzi na viungo kufa ganzi, hata kama ni mwogeleaji hodari. Komoni na maji ya kina haviendi pamoja. Hilo halihitaji maelezo.

Mahali panapofaa kuogea ni upande wa juu wa lambo, mbali na tuta, penye mteremko wa taratibu na chini pagumu. Hapo papimwe kwa fito wakati maji yamepungua, mashimo yafukiwe, na mpaka uonyeshwe kwa kamba yenye madumu yanayoelea. Wavuvi wa ndoana watengewe ukingo wa pembeni. Ng'ombe wasiingie majini kabisa: bomba lipeleke maji kwenye birika la kunyweshea mifugo chini ya tuta, umbali wa kutosha kutoka kwenye kitako, kwa maana kwato hubomoa kingo na kuchafua yale yale maji ambayo watoto wanaogea. Pikipiki zioshwe kwingine. Majani na matete ya ukingoni yafyekwe, kwani ndiko wanakokaa konokono wanaoeneza kichocho, na choo kijengwe mbali na maji. Anayekojoa damu baada ya kuzoea kuoga lambo lolote anastahili kwenda kituo cha afya, kwa kuwa kichocho kina dawa.

Hatari inapotokea

Atakayeona maji ya rangi ya udongo yakitoka kitakoni, ufa unaorefuka mgongoni, sehemu ya tuta iliyoporomoka, au maji yaliyokaribia kupita juu, aanze na watu kabla ya udongo. Kaya za upande wa chini zihamie kwenye miinuko ya pembeni, wala zisikimbie kwa kufuata bonde. Ishara ya kuwaamsha usiku, iwe kengele ya kanisa, ngoma au chuma kinachogongwa, ifahamike kabla ya masika. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kuipanga ishara hiyo ni kazi inayozifaa. Lango la bomba lifunguliwe ili maji yapungue taratibu. Utoro usafishwe, ikiwa unafikika bila kuhatarisha mtu. Mtu yeyote asichimbe tuta ili "kuyapa maji njia": mfereji wa upana wa jembe utakuwa mto kabla aliyeuchimba hajatoka pale. Pia tundu linalotoa tope lisizibwe kwa saruji upande wa nyuma, kwani maji yatatafuta njia nyingine ndani ya tuta. Mhandisi atalifunika kwa mchanga, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki.

Kwa anayezama, msaada bora hutolewa na aliye nchi kavu. Wanaojitosa kuokoa bila kujua kuogelea hufa pamoja na waliotaka kuwaokoa. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko huweza kumweleza mtu mzima juu ya maji, na likifungwa kamba ya mita 20 huwa chombo cha uokoaji kinachopatikana katika kila nyumba. Akishatolewa, asininginizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo. Kama hapumui, anahitaji kupuliziwa pumzi mara moja na kukandamizwa kifua, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini kutoka Sumbawanga mjini hadi vijiji vingi ni safari ndefu, na masika huirefusha. Dumu na kamba vitundikwe kwenye nguzo kando ya lambo, mahali mtoto anapoweza kufikia, na mwenye zamu ya siku ya sikukuu ahakikishe asubuhi kwamba havijaazimwa kwenda kuchotea maji.